Cheti cha Ubatizo na Mtaa Unaotoka: Nani Anaingia Chuo cha Kanisa India?

REHEMA: Karibu tena msikilizaji wetu. Leo hatuna mgeni, tupo mimi na kaka Elia tu. Juzi tulipomaliza kurekodi alinisimulia jambo la enzi zake za chuo, nikamwambia hili tukalie kitako siku moja. Kaka Elia, anza na yule mwenzako wa bwenini.

ELIA: Asante, dada Rehema. Nilisoma kusini mwa India miaka mitatu, chuo cha kanisa ambacho sitakitaja. Chumbani tulikuwa watatu. Mmoja alitoka Kerala, kwenye zile familia za Wakristo wa kale wanaosema Injili waliletewa na mtume Tomaso mwenyewe. Wa pili Mtamil, Mkristo pia. Wiki ya kwanza kabisa, yule wa Kerala akamuuliza mwenzake, jina la ukoo ni nani? Akajibiwa, kwetu hatutumii jina la ukoo, tunaweka herufi ya kwanza ya jina la baba. Akauliza tena: kanisa lenu liko upande gani wa kijiji? Yule kijana hakujibu. Alichukua ndoo yake akaenda kufua.

REHEMA: Na wewe umekaa hapo.

ELIA: Nimekaa hapo, nadhani wanafahamiana tu. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba alikuwa anaulizwa tabaka, yaani lile daraja la jamii ambalo mtu huzaliwa nalo. Kwao Tamil Nadu, wengi waliacha majina ya tabaka tangu harakati za Periyar, mwanaharakati aliyepinga tabaka, miaka ya 1920. Kwa hiyo jina halikuambii kitu. Lakini kijiji kina pande mbili: kuna kijiji chenyewe, halafu nje kidogo kuna cheri, makazi ya Wadalit. Ukishataja mtaa, umemaliza kila kitu.

REHEMA: Wadalit ndio wale waliokuwa wakiitwa wasiogusika, walioachiwa ngozi, mizoga na kuzoa vinyesi. Sasa swali langu ni hili. Mtu amebatizwa, babu yake alibatizwa. Tabaka linamfuata mpaka kanisani?

ELIA: Linakaa naye benchi moja. Au tuseme, lilimnyima benchi. Huko Vadakkankulam, wilaya ya Tirunelveli, Wakatoliki walijenga kanisa karne ya 19 lenye mabawa mawili yanayokutana altareni, kama miguu ya suruali. Tabaka moja bawa hili, tabaka lingine bawa lile. Padri anaonekana na wote, wao hawaonani.

REHEMA: Yesu yule yule hapo katikati.

ELIA: Na Tiruchirappalli kuna makaburi ya Wakatoliki yenye ukuta katikati, kuwatenga marehemu Wadalit. Usidhani viongozi wa kanisa hawakuliona. Mwaka 1833 askofu Mwanglikana wa Calcutta, Daniel Wilson, aliagiza tabaka liachwe kanisani mara moja na kabisa. Kuna waumini wa kusini waliohama kanisa kuliko kushiriki kikombe kimoja na Mdalit.

REHEMA: Haya, tuje vyuoni. Tukisema vyuo vya Kikristo vya kifahari, ni vipi?

ELIA: Madras Christian College ilianza 1837. St. Xavier's ya Mumbai, 1869. Chuo cha udaktari cha Vellore. Lakini kinachobishaniwa kuliko vyote ni St. Stephen's cha Delhi, kilichoanzishwa 1881 na wamisionari wa Cambridge. Hicho kimetoa mawaziri, majaji, mabalozi, hata Jenerali Zia wa Pakistani alipita pale. Na C. F. Andrews alifundisha hapo, yule kasisi rafiki wa Gandhi, ambaye baada ya Vita Kuu ya Kwanza alifika Kenya kufuatilia madai ya Wahindi dhidi ya walowezi.

REHEMA: Kumbe ndiye huyo!

ELIA: Ndiye. Sasa chuo kama hicho, nafasi chache, wanaoomba maelfu kwa maelfu. Kabla ya mtihani wa pamoja wa kuingia vyuo vikuu, kuna masomo yaliyotaka zaidi ya asilimia 97 katika mtihani wa kumaliza sekondari. Mlango ni mwembamba mno, ndiyo maana kila anayeingia anaulizwa, ameingiaje?

REHEMA: Hapo ndipo sheria inaingia, na naomba uende taratibu, maana mimi mwenyewe ilinichanganya.

ELIA: Twende taratibu. Katiba ya India, kifungu cha 30, inawapa jamii za wachache, kwa dini au lugha, haki ya kuanzisha na kuendesha shule zao. Wakristo India ni kama asilimia 2.3 kwa sensa ya 2011. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya St. Stephen's, ikasema chuo cha namna hiyo kinaweza kuwatengea watu wa jamii yake hadi nusu ya nafasi. Mpaka hapo mimi sina ugomvi. Jamii ndogo inahitaji ulinzi.

REHEMA: Na mimi hapo nakuunga mkono.

ELIA: Sasa shika upande wa pili. Vyuo vya serikali vinatenga nafasi kwa Wadalit. Mwaka 2005 katiba ikarekebishwa ili hata vyuo binafsi viweze kulazimishwa, lakini vya jamii za wachache vikaachwa nje. Chuo cha kanisa hakilazimishwi kutenga nafasi hata moja kwa ajili ya Wadalit.

REHEMA: Basi Mdalit Mkristo aende chuo cha serikali, apate nafasi ya Wadalit.

ELIA: Hapo ndipo panaponiuma, dada. Hapati. Kuna agizo la Rais la tarehe 10 Agosti 1950 linaloorodhesha tabaka zinazostahili, na lilisema asiye Mhindu hahesabiki. Mwaka 1956 wakaongezwa Masingasinga, 1990 Wabudha. Wakristo na Waislamu mpaka leo wako nje. Mikoa mingine inawaweka kwenye orodha ya jamii zilizo nyuma, ambako wanagombania nafasi na watu walio na uwezo kuwazidi. Kwa hiyo serikali inamwambia, wewe si Mdalit, ni Mkristo. Akienda kwa Wakristo wenzake, wanamuuliza kanisa lenu liko upande gani wa kijiji.

REHEMA: Subiri kidogo. Nimesoma kesi ya fundi viatu mmoja wa Madras, Soosai. Naomba niisimulie, maana ilininyima usingizi. Huyu bwana alikuwa akishona viatu kando ya barabara. Serikali ikaleta mpango wa kuwapa mafundi wa barabarani vibanda vya bure. Wenzake wa asili ile ile wakapewa. Yeye akanyimwa kwa sababu ni Mkristo. Alikaa barabara ile ile, anashona kiatu kile kile, jua lile lile! Akaenda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1985 akashindwa. Majaji wakasema haitoshi kuonyesha kwamba tabaka linaendelea baada ya kubatizwa, lazima uthibitishe kwamba ndani ya Ukristo unateseka kwa ukali ule ule.

ELIA: Sasa fundi viatu atathibitisha vipi? Angepeleka picha ya ule ukuta wa makaburini?

REHEMA: Turudi chuoni. Nafasi zile za Wakristo, nani anazichukua?

ELIA: Kwanza idadi. Maaskofu Wakatoliki wa India wenyewe, mwaka 2016, walikiri kwamba kati ya Wakatoliki milioni 19 hivi, milioni 12 ni Wadalit. Ndio wengi kanisani! Lakini kardinali wa kwanza Mdalit, Anthony Poola wa Hyderabad, amepatikana 2022. Sasa ukisema "nafasi za Wakristo" bila kuangalia ndani, anayefika mapema ni nani? Ni yule aliyesoma Kiingereza tangu chekechea na baba yake anamjua askofu.

REHEMA: Na walijaribu kuangalia ndani, si ndiyo?

ELIA: Walijaribu. Mwaka 2007 St. Stephen's walipendekeza Wakristo wapate asilimia 40, na humo asilimia 10 iwe ya Wakristo Wadalit. Kelele ikawa kubwa, wahitimu wa zamani wakalia kwamba kiwango kinashuka.

REHEMA: Niseme kwa niaba yao, kwa sababu hoja hiyo watu wanaiamini kwa dhati. Chuo kina jina kwa sababu kinachuja. Ukilegeza chujio, utamsaidiaje huyo huyo unayemleta?

ELIA: Nakubali chuo lazima kichuje. Ninachouliza ni chujio linashika nini. Yule Mtamil wa chumbani kwetu alikuwa na alama za hesabu kunizidi mbali. Lakini darasani hakunyoosha mkono muhula mzima, kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa cha kitabuni na wenzake walikuwa wakicheka matamshi. Wakae mbele ya meza ya usaili yeye na yule wa Kerala, dakika kumi. Nani "anajieleza vizuri"?

REHEMA: Na usaili wenyewe umebaki kwa nani? Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Delhi iliamua kwamba kwa wasio Wakristo chuo kitumie alama za mtihani wa pamoja peke yake. Usaili, wenye uzito wa asilimia 15 ya alama, ukabaki kwa waombaji Wakristo tu.

ELIA: Yaani mtoto wa cheri, aliyebatizwa, ndiye anayekaa mbele ya ile meza. Sisemi wasaili wote ni wabaya. Msaili mwenye macho anaweza kuona kipaji ambacho karatasi haikionyeshi, na kuna waliopita kwa njia hiyo. Lakini ni bahati, na mtu hawezi kupanga maisha ya mwanawe juu ya bahati.

REHEMA: Na lile agizo la 1950, limefikia wapi?

ELIA: Tume ya Ranganath Misra ilipendekeza 2007 kwamba dini isiwe kigezo. Halikutekelezwa. Shauri la 2004 la kupinga agizo hilo liko Mahakama ya Juu. Mwaka 2022 ikaundwa tume nyingine chini ya Jaji Balakrishnan, ikapewa miaka miwili, ikaongezewa muda. Kila tarehe 10 Agosti Wakristo Wadalit wanaiadhimisha kama siku nyeusi.

REHEMA: Na yule mwenzako? Mnawasiliana?

ELIA: Tunawasiliana. Ni mwalimu wa hesabu sasa. Mwaka jana alinitumia ujumbe wa sauti, binti yake anajaza fomu ya chuo cha kanisa. Fomu inataka cheti cha ubatizo na barua ya mchungaji, vyote anavyo. Halafu kuna sehemu ya tabaka. Binti akamuuliza, baba, hapa niandike nini? Akaniambia, Elia, nimefundisha watoto miaka kumi na tano, na lile swali sikuweza kulijibu. Walikiacha kisanduku wazi, wakaituma hivyo hivyo.