CV Yako Inasomeka Kama Barua ya Posa: Kwa Wanaotaka Kazi za Mafuta na Gesi

Assalaam alaykum, na wa bwana asifiwe, bwana asifiwe. Watu wangu wa Tanga, Mtwara, Hoima na kote mnakonitazama, habari za siku? Leo Ijumaa, siku yetu ya kufua. Nipo kambini, huku jangwani Oman. Huo mngurumo mnaousikia ni kiyoyozi. Nikikizima humu ndani tunaiva, kwa hiyo nivumilieni tu.

Kabla sijasahau, kuna anayeniandikia kila wiki: kaka, mbona hurekodi kazini, au hufanyi kazi? Mdogo wangu, simu ya kawaida haiingii kwenye eneo lenye gesi. Cheche ndogo tu inatosha kutumaliza wote. Ukikamatwa nayo ndani ya uzio, jioni hiyo hiyo unafunga begi. Kwa hiyo video zangu ni za chumbani na nguo zimeanikwa nyuma, ndiyo hali.

Haya. CV. Mmenitumia nyingi, nimezisoma. Nyingi ni kosa lile lile nililolifanya mimi, kwa hiyo nianze na langu.

Mimi nilikuja huku helpa. Kubeba, kusafisha, kushika upande wa pili wa bomba fundi akipima. Mwaka wa pili ikatangazwa nafasi ya fundi mabomba palepale kwenye kampuni yetu. Nikaandika CV kurasa nne. Juu nimeandika CURRICULUM VITAE kwa herufi kubwa kama bango la harusi. Picha ya suti. Dini, hali ya ndoa, napenda kuangalia mpira na kusafiri. Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma, ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Wadhamini watatu, mmoja mwenyekiti wetu wa mtaa.

Supavaiza wetu alikuwa Mwomani mtu mzima, kazaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Sisi tulikuwa tunamwita Ami. Akaniita ofisini, akavaa miwani, akasoma kimya mpaka mwisho. Akaniambia, "Mwanangu, hii barua ya posa. Umejisifia tabia, umenitajia ukoo, na mshenga umemweka. Sasa n'ambie, weye umefunga bomba gani?"

Nikamjibu, Ami, nimefunga mengi. Akasema, "Mengi ndiyo inchi ngapi?"

Hapo ndipo penyewe. Anayesoma CV ya kazi ya site hatafuti mtu mwema. Wema atauona ukifika. Yeye ana mradi, ana bomba la inchi 12 linalotakiwa lifungwe, na anataka kujua kama mikono yako imewahi kulishika bomba la namna hiyo. Kwa hiyo kila sentensi ya kazi uliyofanya ijibu: kitu gani, saizi gani, kwa mchoro gani, na kikaisha vipi.

Ngoja niwasomee ya mtazamaji mmoja, jina nimelificha. Kijana amefanya kazi kiwanda cha saruji. Ameandika: "Nilihusika na matengenezo ya mitambo mbalimbali." Basi. Miaka mitatu ya jasho, maneno sita! Nikampigia, nikamhoji kama polisi. Kumbe huyu bwana kila shatidauni ya tanuru, yaani likizimwa kwa matengenezo, alikuwa kwenye timu ya mabomba ya mafuta mazito na hewa ya kompresa. Bomba za inchi 2 mpaka 8. Anasoma mwenyewe mchoro wa isometriki, ule unaoonyesha bomba kwa pande tatu. Anabadilisha valvu na gasketi, anafunga flanji, zile sahani za chuma za kuungia mabomba kwa nati, na bomba likipimwa kwa maji ya presha yeye ndiye anayesimama kwenye geji. Tena alikuwa anafanya kazi kwa kibali, ile karatasi ya usalama inayosainiwa kabla kazi haijaanza, na anafunga kufuli na kuweka lebo kwenye swichi kabla ya kugusa mtambo. Sasa hayo yote ndiyo wanayoyatafuta huku! Alikuwa ameyaficha chini ya neno "mbalimbali". Neno hilo likae mbali na CV yako.

Kwa hiyo usiseme "sijawahi kufanya kazi ya mafuta". Bomba la kiwanda cha sukari na bomba la gesi ni ndugu. Kinachotofautiana ni presha, kinachopita ndani, na ukali wa kibali. Ukiandika ulichokifanya kwa vipimo, msomaji anaunganisha mwenyewe.

Na nyie mliopita kwenye bomba la mafuta ghafi, lile la Hoima mpaka Chongoleani pale kwetu Tanga, msiandike "nilifanya kazi EACOP" mkaishia hapo. Bomba lina kilomita 1,443, ulikuwa wapi? Ulikuwa Sojo kule Nzega kwenye kiwanda cha kuyavika mabomba koti la kutunza joto, au ulikuwa kwenye mtaro mnashusha? Andika bomba la inchi 24, bomba la kupashwa joto. Msomaji wa nje hajui habari hiyo, na ni kitu adimu, si kila fundi duniani amegusa bomba la namna ile.

Vyeti sasa. Hapa watu wanaliwa hela. Kuna anayeuza kiwanja cha mama yake akalipie BOSIET, ile kozi ya kutoroka kwenye helikopta iliyopinduka majini, halafu anaomba kazi jangwani. Helikopta gani huku, ndugu yangu? Cheti kile ni cha baharini, na kinaisha baada ya miaka 4. Ukikichukua huna kazi ya baharini mkononi, kinazeeka kabatini. Nchi kavu wanakuuliza kwanza cheti cha H2S, gesi ya sumu, kwa sababu baadhi ya visima vina gesi hiyo. Inanuka kama yai viza, halafu ikizidi inaua pua yako, hunusi tena, unadhani imeondoka. NEBOSH ni nzuri kama unaelekea kwenye usalama kazini. Kama wewe ni mchomeaji, pesa hiyo kafanyie mtihani wa 6G, ule wa bomba lililoinamishwa nyuzi 45 na hairuhusiwi kulizungusha.

Na wachomeaji nisikilizeni vizuri. Chini ya ASME sehemu ya tisa, kanuni za Kimarekani za kupima wachomeaji, usipochomea kwa njia ile uliyofaulia kwa miezi 6, sifa yako imekufa, hata cheti kiwe na muhuri wa dhahabu. Kwa hiyo kwenye CV usiandike "6G" ukaacha hewani. Andika njia uliyotumia, aina ya chuma, unene, na mara ya mwisho kuchomea ilikuwa lini. Kila cheti kiwe na tarehe ya kutolewa na ya kuisha. Bila tarehe, mtu wa ofisini anaona kama kimeisha, hapigi simu kuuliza.

Mpangilio wenyewe ni mwepesi. Jina, chini yake kazi yako: FUNDI MABOMBA, MIAKA 6. Pasipoti inaisha lini, uko mji gani, unaweza kuanza lini, zamu ya siku 28 kazini na 28 nyumbani unaiweza au huiwezi. Vyeti. Kisha kazi, ya karibuni kwanza. Shule mwisho. Kurasa mbili. Usichore majedwali na mistari ya rangi, kwa sababu kampuni kubwa zinapitisha CV kwenye programu ya kuchuja, na ikikutana na mapambo yako inavuruga maneno. Picha? Nchi za Ghuba wengi wanaitaka. Ukituma Uingereza au Kanada, toa picha, umri, dini na ndoa. Waganda, mnayo daftari ya vipaji ya Mamlaka ya Petroli, jisajilini humo pia.

Usalama usiuandike kama kiapo. "Ninazingatia usalama" kila mtu anaandika, hata yule anayepanda jukwaa bila mkanda. Andika tukio. Uliwahi kusimamisha kazi kwa sababu kifaa cha kupima gesi kimelia? Uliandika taarifa ya ajali iliyokaribia kutokea? Hiyo weka, kwa sentensi moja.

Kuhusu uongo nitasema kidogo tu. Kuna mawakala wanakuandikia CV kwa elfu hamsini, wanabandika miradi ya mtu mwingine. Ami aliniambia alipata CV tatu siku moja, mradi mmoja, na kosa la tahajia lile lile. Na hata ukipita, kuna mtihani wa mikono. Mimi nilipewa mchoro, bomba, na muda wa saa tatu. Kata, sugua ukingo nyuzi 37.5, panga, acha nafasi ya milimita 3, flanji isipinde. Halafu kaza nati kwa msalaba, si kwa kuzunguka, kwanza asilimia 30, kisha 60, kisha 100. Wakala hatakuja kukushikia spana.

Mimi CV yangu ya pili niliandika "helpa", sikujipandisha cheo. Ila nikaandika nilimsaidia nani kufanya nini, inchi ngapi, maungio mangapi kwa siku. Nikajaza kurasa moja na nusu, nikampelekea Ami mchana, ule muda wa kiangazi ambao sheria ya huku inakataza kazi za juani, saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu. Alikuwa amejilaza ofisini. Akasoma ya kwanza, akageuza ya pili, akachukua kalamu nyekundu. Moyo ukanishuka.

Akazungushia namba yangu ya simu. "Umeanza na sifuri. Huyu wa ofisini yuko Maskati, hii simu ataipigaje? Itoe, weka 255 mbele. Haya, kachape tena, leo leo."