Bei ya Huruma: Maamuzi ya Kimaadili katika Michezo ya Video

Karibuni. Wengi humu ni wachezaji, kwa hiyo nianze na hesabu.

BioShock ilitoka mwaka 2007. Ndani yake unakutana na watoto wa kike wenye ADAM mwilini, kitu kinachokuongezea uwezo. Ukimvuna mtoto, yaani kumuua, unapata 160. Ukimwokoa, 80. Jaribu kubwa, sivyo? Ila kila ukiokoa watatu, unaachiwa zawadi ya 200. Pigeni hesabu: kuua watatu ni 480, kuwaokoa ni 440, tena na vikorombwezo juu yake. Tofauti ni 40! Hapo gemu haikupimi wema, inakupima subira.

Mass Effect, ya mwaka huohuo, ina pointi za bluu kwa muungwana na nyekundu kwa mkali. Ukishachagua rangi yako, huna haja ya kufikiri tena mpaka mwisho.

Sasa twende kwa Lucas Pope, mtengenezaji wa michezo ya video. Mwaka 2013 alitoa Papers, Please. Wewe ni mkaguzi wa pasipoti mpakani mwa Arstotzka, nchi ya kubuni, mwaka 1982. Kila msafiri unayemhudumia bila kosa anakuingizia krediti 5. Jioni utoe kodi, chakula na gharama za kupasha nyumba joto. Wanaokutegemea ni mke, mtoto, mama mkwe na mjomba.

Anapita mwanamume, karatasi zake safi. Anakuomba umhurumie mkewe aliye nyuma yake kwenye foleni. Mke anafika, kibali hana. Akirudishwa kwao, anasema, atauawa.

Ukimpitisha, mashine inakutolea karatasi ya onyo. Na hapa ndipo nampenda Pope: makosa mawili ya kwanza ya siku hayakatwi kitu, kuanzia la tatu unaanza kukatwa. Maana yake, kama asubuhi ulifanya kazi kwa makini, mama huyu unamsaidia bila kukatwa kitu. Kama ulilipua kazi, unamsaidia kwa chakula cha mwanao. Mama ni yuleyule, muhuri ni uleule. Nimeona wachezaji wakianza kukagua tarehe kwa uangalifu wa ajabu, si kwa kuipenda serikali ya Arstotzka, bali ili wabaki na makosa mawili ya kumpa mwenye shida. Hakuna pointi ya bluu inayotokea kuwapongeza. Kinachotokea ni onyo.

Naona mtu anatikisa kichwa pale nyuma: si unaweza kurudi siku iliyopita ukaanza upya? Kweli, gemu inaruhusu, na mimi naona inapunguza uzito wa jambo. Mkiicheza, hesabuni lile jibu la kwanza tu, lililotoka kabla hamjajua nani atalala njaa. Mengine yote ni udadisi.

Haya, uliyetikisa kichwa, endelea wewe.