Xfce: kubadili sura ya deskitopu bila kuivuruga

ZAINABU: Karibuni. Leo tuko na Xfce, deskitopu nyepesi ya Linux, ile ya Xubuntu na ya toleo mojawapo la Linux Mint. Laptop za mtumba zenye RAM ya GB 4 na kioo cha 1366 kwa 768 zimejaa mitaani, na Xfce inakwenda nazo vizuri. Haya Musa, mtu kapakua thimu nyeusi, kaichagua. Ndani ya madirisha kumekuwa kweusi, lakini mkanda wa juu wenye alama ya kufungia umebaki vilevile. Kakosea wapi?

MUSA: Hajakosea, bado hajamaliza. Vitufe, menyu na rangi za ndani ya dirisha ni kazi ya GTK, zana inayochora programu, na unazibadilishia kwenye "Appearance". Mkanda wa juu na kingo huchorwa na programu nyingine kabisa, xfwm4, na mlango wake ni "Window Manager". Aikoni zina kichupo chao humo kwenye "Appearance". Kishale cha kipanya ukitafute kwenye "Mouse and Touchpad".

ZAINABU: Na thimu nyingine hazina hata sehemu ya xfwm4.

MUSA: Ndiyo maana ufungue folda yake kwanza. Ukiona gtk-3.0 peke yake, bila folda ya xfwm4, hiyo ni nusu ya nguo: suruali bila shati. Arc inazo zote mbili. Kwenye Ubuntu na jamaa zake unaipata pamoja na aikoni za Papirus kwa amri moja:

sudo apt install arc-theme papirus-icon-theme

ZAINABU: Wengi lakini wanapakua zip, wanaifungua, thimu haionekani kwenye orodha.

MUSA: Thimu inakaa kwenye .themes ndani ya folda yako ya nyumbani, aikoni kwenye .icons. Kama hazipo, zitengeneze. Hiyo nukta ya mbele inazificha, kwa hiyo bonyeza Ctrl+H ndani ya Thunar, programu ya mafaili ya Xfce, ndipo uzione. Kosa kubwa sasa ni folda ndani ya folda. Zip ikifunguliwa inazaa Jina-master, humo ndani kuna Jina, na thimu yenyewe iko huko chini. Xfce haichimbi mpaka huko. Faili la index.theme liwe hapa: .themes/Jina/index.theme. Likizidi ngazi moja, halionekani.

ZAINABU: Halafu unakuta programu moja imekataa, zingine zote zimetii.

MUSA: Uliza kwanza, inaendeshwa na nani? Programu inayofunguka kwa nenosiri la msimamizi, kama Synaptic, inasoma folda ya nyumbani ya root, yaani msimamizi, siyo yako. Thimu yako haioni. Dawa ni kuinakili thimu kwenye /usr/share/themes. Programu zilizowekwa kwa Flatpak, mfumo mwingine wa kusakinisha, nazo zimefungiwa kwenye chumba chao. Unazipa ruhusa ya kusoma ~/.themes kwa amri ya flatpak override. Ila programu mpya za GNOME zilizojengwa kwa libadwaita hazifuati thimu za GTK kabisa. Usipoteze usiku wako hapo.

ZAINABU: Kingo nyembamba, tafadhali. Thimu za siku hizi zina ukingo wa pikseli moja, kupanua dirisha ni kama kutunga uzi kwenye sindano gizani.

MUSA: Achana na ukingo. Shikilia Alt, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya popote ndani ya dirisha, vuta: linapanuka. Alt na kitufe cha kushoto, linahama. Ndivyo Xfce inavyokuja.

ZAINABU: Paneli, ile yenye menyu na saa. Mimi nasema kwenye kioo cha 768, paneli ya chini ni ubadhirifu. Upana upo wa kutosha, kimo ndicho adimu.

MUSA: Nakubali. Bofya paneli kwa kitufe cha kulia, ingia kwenye mipangilio yake, badili "Mode" iwe "Deskbar", siyo "Vertical". Zote mbili zinasimama pembeni, lakini "Vertical" inalaza maandishi ubavu, unasoma saa umepinda shingo. Kwenye saa, weka muundo wako mwenyewe: %H%n%M. Hiyo %n inakata mstari, saa juu, dakika chini, na paneli ya pikseli 36 inatosha.

ZAINABU: Sasa Conky, ile inayoandika matumizi ya RAM na CPU juu ya picha ya ukutani. Malalamiko ni yaleyale: ukibofya deskitopu, inatoweka.

MUSA: Haijazimika, imefunikwa. xfdesktop, inayochora deskitopu yenyewe, nayo ni dirisha, na ukilibofya linapanda juu ya Conky. Kwenye conky.conf andika hivi:

own_window = true,
own_window_type = 'normal',
own_window_hints = 'undecorated,below,sticky,skip_taskbar,skip_pager',
double_buffer = true,

Hiyo ya mwisho inaondoa kumetameta. Kwenye orodha ya programu za kuanza, usiandike conky tupu, andika conky -p 10, isubiri sekunde 10 deskitopu itulie. Ukiona boksi jeusi mahali pa uwazi, nenda "Window Manager Tweaks", washa "compositing".

ZAINABU: Na kasi ya intaneti inayosoma sifuri muda wote?

MUSA: Umenakili faili la mtu mwingine lenye wlan0, wakati kadi yako inaitwa wlp3s0 au jina jingine. Andika ip link kwenye teminali, ulichukue jina halisi.

ZAINABU: Tumalizie na nakala ya akiba ya mipangilio, ingawa ilipaswa kuwa ya kwanza.

MUSA: cp -r ~/.config/xfce4 ~/xfce4-nakala. Kuirudisha ndiko kwenye mtego. Mipangilio inashikwa kwenye kumbukumbu na programu ya nyuma iitwayo xfconfd. Ukibadilisha mafaili huku umeingia, inayaandika upya juu ya kazi yako. Kwa hiyo toka kwenye akaunti, bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa maandishi, kisha:

pkill xfconfd
mv ~/.config/xfce4 ~/xfce4-mbovu
cp -r ~/xfce4-nakala ~/.config/xfce4

ZAINABU: Hiyo mv ya katikati ina sababu?

MUSA: Ukiiruka, cp itakuta xfce4 ipo na kuitumbukiza nakala ndani yake. Folda ndani ya folda, tena. Ukimaliza, andika exit, halafu Ctrl+Alt+F7 urudi kwenye ukurasa wa kuingilia. Mashine nyingine ni F1 au F2.

ZAINABU: Ziandikeni kwenye karatasi hizo amri tatu. Kwenye kioo cheusi hamtaweza kurudisha kipindi nyuma.