Daraja Lisilotajwa

Leo nazungumzia hoja: zinavyojengwa na zinavyopimwa. Walionisikia mwaka jana wanajua naanzia wapi, watanivumilia. Naanzia kwa kaka na dada waliogombana kuhusu baba yao.

Dada alisema: "Baba ana miaka 78, aache kuendesha gari." Kaka akajibu: "Baba hajapata ajali hata moja, mwacheni." Wakabishana jioni nzima, nami nimekaa katikati yao. Kilichonichekesha ni kwamba hakuna aliyepinga ushahidi wa mwenzake! Umri wa baba wanaujua wote. Kwamba hajapata ajali, wanajua wote. Sasa waligombania nini?

Waligombania daraja. Mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alilieleza hili mwaka 1958: una dai, una ushahidi, na katikati pana kanuni inayokuvusha kutoka ushahidi hadi dai. Daraja la dada: mtu wa umri huo hawezi tena kuendesha salama. La kaka: ambaye hajapata ajali hatapata. Yatamke kwa sauti uone yanavyoyumba, yote mawili! Lakini hayakutamkwa, basi kila mmoja akawa anarudia ushahidi wake kwa makelele zaidi, kana kwamba mwenziwe ni kiziwi.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema moyoni, "Mwalimu, nyumbani si mahakamani." Ndiyo maana nalisema! Mahakamani wakili wa upande wa pili atakubana mpaka ulitaje daraja lako. Nyumbani tunaliruka kwa kuwa tunajuana. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliliona zaidi ya miaka 2,300 iliyopita: msemaji huacha sehemu ya hoja bila kuitaja, msikilizaji akaijaza mwenyewe. Akishaijaza anaiona ni yake, na nani hukagua cha kwake? Ushawishi uko hapo, na hila iko hapohapo. "Usimwamini yule, ni mgeni." Haya, jazeni wenyewe kilichoachwa, kisha mniambie kama mngethubutu kukisema hadharani.

Turudi kwa wale ndugu. Nikamuuliza dada: unaogopa nini hasa? Akasema juzi magharibi baba nusura amgonge mwendesha baiskeli. Hakumwona mpaka alipomkaribia kabisa. Enhe! Jioni nzima alikuwa na ushahidi huo mfukoni, akawa anatupa tarehe ya kuzaliwa. Dai nalo likapungua: asiendeshe usiku mpaka apimwe macho. Kaka akakubali papo hapo. Wengi mnadhani kupunguza dai ni kushindwa. Basi niambieni, "aache kabisa" ilikuwa imemfikisha wapi?

Sasa kupima hoja... naona naonyeshwa saa. Haraka basi. Wanafalsafa Johnson na Blair, kule Kanada, mwaka 1977 walitupa vipimo vitatu: sababu iwe inakubalika, iwe inahusiana na dai, na iwe inatosha. Hicho cha tatu ndicho kinachoangusha watu. Kisa kimoja cha jirani tayari kimekuwa sheria ya dunia. Kuhusu chanzo na matokeo, shikeni methali ya jogoo: awike asiwike, kutakucha. Kuwika kwake sicho kinacholeta asubuhi. Jinsi ya kujibu pingamizi nimeiruka. Nafasi ya hisia katika hoja nayo nimeiruka, nitalaumiwa.

Swali moja? Ndiyo, mama... Baba mwenyewe alisemaje? Hakuna aliyemuuliza. Alikuwa chumba cha pili, anasikia kila neno.