"Usimwambie Mtu": Meseji za Bahati Nasibu na Fedha Zetu za Karafuu

Assalaam alaykum. Mama zangu, baba zangu, na nyie vijana mliosimama madirishani, ahsanteni kwa kuja. Najua wengi mmeacha karafuu juani na wingu limeshaanza kujikusanya, basi nitakwenda moja kwa moja.

Mimi ni wakala wa fedha za simu hapa Wete, Pemba. Kazi yangu ni kukaa nyuma ya meza, kupokea noti na kuziingiza kwenye simu. Polisi humuona mtu ameshaibiwa, analia. Mimi humuona dakika tano kabla, bado ana furaha.

Msimu uliopita alikuja bibi mmoja asubuhi, sijamaliza hata kufungua mlango. Simu yake ya kitochi ilikuwa sikioni, imebanwa na mtandio. Akalifungua pindo la kanga kwa meno, akatoa noti zilizokunjwa ndogo ndogo, zinanuka karafuu. Shilingi 65,000. Nikamuuliza, "Bibi, unamtumia nani?" Akaiziba simu kwa kiganja, akaninong'oneza: "Nimeambiwa nisimwambie mtu, mwanangu."

Nilimwomba simu nizungumze na huyo mtu. Aliposikia sauti yangu tu, akakata. Bibi alirudi na fedha zake nyumbani. Lakini wiki ile ile wako wawili ambao sikuwauliza, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Nikawawekea fedha kwa mikono yangu, zikaenda. Jambo hilo halijanitoka moyoni, na ndilo lililonileta mbele yenu.

Meseji huja hivi: "Hongera! Namba yako imeshinda shilingi 5,000,000. Piga namba hii upate zawadi yako." Msidhani huyo tapeli kakuchagueni nyie. Namba za simu zinafuatana. Mtu anabadilisha tarakimu za mwisho, ananunua kifurushi cha meseji, anazimwaga kwa mamia. Wakipiga wawili tu, siku yake imekwenda.

Ukipiga, unapokewa na sauti yenye adabu. Anakuuliza hali, anakuuliza jina, halafu anauliza kama jambo dogo: "Kwenye simu yako sasa hivi una salio gani?" Hapo anajua akuchune kiasi gani. Kisha inakuja ada: ya usajili, ya kodi, ya kufungulia akaunti. Ukilipa ya kwanza, ya pili iko njiani. Na ya pili ni rahisi zaidi kwake, kwa sababu wewe mwenyewe hutaki kuamini kwamba ile ya mwanzo imepotea. Nakuombeni mlishike hili: bahati nasibu ya kweli haikudai fedha ili ikupe fedha. Kama kuna kodi, mwendeshaji huikata kwenye hiyo hiyo zawadi kabla ya kukukabidhi.

Wengine hawakuombi utume kitu. Anakwambia, "Bonyeza ninavyokwambia." Anakupitisha kwenye menyu ya kutuma fedha. "Ingiza namba ya usajili," kumbe ni namba yake ya simu. "Ingiza namba ya ushindi, 48500," kumbe hicho ndicho kiasi. "Sasa thibitisha kwa namba yako ya siri." Mtu anabonyeza huku anasema alhamdulillahi, kumbe anamtumia tapeli fedha zake mwenyewe.

Iko na ile meseji ya kughushi inayosema umepokea fedha, halafu mtu anapiga analia kwamba amekosea namba, umrudishie. Tazameni imetoka wapi. Ya kweli huja kwa jina la huduma, hii ya kughushi huja na namba ya mtu. Lakini hata jina msilitegemee peke yake; fungua menyu yako, tazama salio. Kama halikuongezeka, hakuna kilichoingia. Na kama kweli kimeingia, waachie kampuni ya simu wakirudishe, usikirudishe wewe.

Wizi huu si mtoto wa simu. Karne ya 19 huko Ulaya na Marekani watu walikuwa wakipokea barua za tajiri aliyefungwa Hispania, eti anahitaji fedha kidogo atoke, kisha atagawana hazina yake na aliyemsaidia. Barua hizo nazo zilimtaka mpokeaji afiche siri. Nimekutajieni hili kwa sababu ya hiyo siri. Meseji zinabadilika kila mwaka, lakini tapeli hawezi kuacha kukutenga na wenzako, maana akitokea mtu mmoja tu wa kukuuliza "unamtumia nani?", kazi yake imeharibika.

Na hapa kwetu siri hiyo ina mlinzi mwingine: aibu. Mama akiibiwa hasemi, anaogopa ataambiwa kumbe alikuwa akicheza kamari. Kamari ni haramu, aya ya 90 ya Surat al-Maida haina utata. Lakini mama huyu hakucheza. Hakununua tiketi, hakuweka dau, aliletewa meseji akaambiwa ameshinda. Aliyedhulumiwa hana la kuonea haya. Nyie mabwana mliokaa huku, mke akija kukwambia fedha za skuli za watoto zimekwenda, ukaanza kwa matusi, jua kwamba jirani yake aliyekuwa karibu kusema naye atanyamaza, na tapeli ataendelea na nyumba inayofuata.

Ikishatokea, kimbia, usikae kulia kwanza. Fedha zikifika hutolewa kwa wakala wa mkoa mwingine ndani ya dakika chache. Piga 100, namba ya huduma kwa wateja, omba muamala uzuiwe kabla hazijatolewa. Usiifute meseji ya muamala, ina namba ya kumbukumbu, na polisi wataitaka. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kazi hadi huku kwetu, lakini haifuatilii lalamiko ambalo halikupelekwa. Ile namba ya tapeli itume kwenda 15040, ya Mamlaka ya Mawasiliano. Hata kama hukuibiwa, itume.

Mtauliza, laini si zimesajiliwa kwa alama za vidole, mbona hawakamatwi? Nyingi zimesajiliwa kwa vidole vya watu wengine. Unasajili laini kwa kijana wa mwavuli, anakwambia "haikushika, weka tena kidole," ukaweka mara ya pili na ya tatu. Pengine laini ya pili iko mkononi mwa mtu usiyemjua, na jina linalotokea anapopokea fedha za watu ni lako.

Basi toeni simu zenu. Vijana, ingieni ndani, kila mmoja akae na mzee asiyeona vizuri. Bonyezeni *106#, mtaoneshwa laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Namba ya siri usimtajie mtu, hata mjukuu wako. Atakayeona namba asiyoijua ainue mkono, tuiandike hapa, kesho twende pamoja tukaifunge. Bibi pale nyuma, mwenye kanga ya njano, tuanze na yako.