Jinsi ya kunasa kampuni za kutilia shaka kwenye tenda za serikali kwa kutumia Excel

Haya watu wangu karibuni, leo hatuzunguki, fungua kompyuta twende. Ingia tenders.go.ke, hii ndo tovuti ya tenda za serikali ya Kenya, na tangu agizo la rais la 2018 ofisi za umma zinatakiwa kuonyesha nani alipewa tenda na kwa bei gani. Chagua kaunti ama wizara yako, chukua kandarasi zilizotolewa, peleka Excel.

Kwanza safisha majina. Usiruke hapa tafadhali, mimi niliruka mara ya kwanza nikapoteza wiki nzima, maana kampuni moja utaikuta ni "Ltd" huku, "Limited" kule, pengine nafasi imezidi mahali, na Excel inahesabu hizo ni kampuni tatu. Tumia TRIM (inaondoa nafasi zilizozidi) na UPPER (inageuza herufi zote kuwa kubwa), halafu futa hayo maneno ya mwisho, "Ltd" na "Limited".

Sasa tengeneza pivoti, yaani jedwali la Excel la kujumlisha, kila kampuni na jumla ya pesa zake, panga kutoka kubwa kushuka.

Halafu hapa ndo penyewe. Kwa kanuni za 2020, ununuzi wa bidhaa kwa kuomba bei tu, bila kutangaza tenda wazi, mwisho wake ni milioni 3. Kwa hiyo chuja zote za kati ya milioni 2.7 na 3. Ukiona kampuni ileile, ofisi ileile, 2.95, 2.98, 2.96 ndani ya mwezi mmoja, weka rangi nyekundu, hapo inawezekana kazi moja imekatwakatwa ili isitangazwe.

Zile nyekundu tu ndo utazilipia CR12, hati rasmi ya taarifa za kampuni, kwa eCitizen. Angalia tarehe ya kusajiliwa, anwani na wakurugenzi, kisha linganisha, je kampuni mbili "zinazoshindana" zina mkurugenzi mmoja? Je ilisajiliwa wiki mbili kabla ya kupewa tenda?

Lakini jamani, kampuni changa si mwizi. Kuna AGPO, mpango wa serikali wa kutengea makundi maalum tenda, asilimia 30 ya tenda ni ya vijana, akina mama na watu wenye ulemavu, na wengi husajili kampuni juzijuzi kwa nia safi kabisa, so usipost jina la mtu mtandaoni kwa sababu ya seli nyekundu, utamharibia maisha. Alama za kutilia shaka zikiwa mbili tatu kwa kampuni moja, andika namba za tenda, ambatanisha CR12, peleka EACC, tume ya kupambana na ufisadi.