Daftari la wakala likitundikwa nje: mazungumzo kuhusu usiri kwenye kripto, Dodoma

Mbukwenyi ndugu zangu. Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi. Naona watu wa UDOM wamejaa huku mbele na wafanyabiashara wa Majengo wamekaa nyuma karibu na mlango, najua mnawahi kufunga maduka kwahiyo ntaenda moja kwa moja kwenye ishu.

Niwaulize kitu. Ukienda kwa wakala kutoa hela kuna lile daftari lake, si ndio? Anaandika namba yako, kiasi, afu unaweka sahihi. Lile daftari linakaa ndani ya kibanda. Wakala anaona, kampuni ya simu wana kumbukumbu zao, siku ikibidi polisi nao wataona, lakini jirani yako haoni. Sasa lichukue ulitundike nje kwenye msumari, kila anayepita alifunue atakavyo, majina yafute ubakize namba tu, na uweke sharti kwamba hakuna ukurasa unaochanwa milele. Hiyo ndio blokucheni, daftari la miamala ya kripto, yaani hela za mtandaoni. Ya bitikoini, kripto ya kwanza kabisa, imeanza kuandikwa Januari 3, 2009 na kila muamala tangu siku hiyo uko pale, ukiwa na bando la jero tu unausoma.

Kwahiyo mtu akikwambia kripto ni siri, muulize siri ya nini. Kiasi kinaonekana, saa inaonekana, hela imetoka wapi imeenda wapi vinaonekana. Kilichofichwa ni jina peke yake, na mara nyingi jina tunalitoa wenyewe.

Ntawapa yangu, mcheke tu. Mi nafanya kazi za tafsiri na wenzangu watatu, tunalipwa USDT, kripto inayofuata thamani ya dola, kwenye mtandao unaoitwa Tron, nao una blokucheni yake. Nikawa namalizia nyumba, nikapata fundi wa kuchomelea, kijana mdogo, kazi yake safi. Grili za madirisha zikaisha, akaniambia kaka nilipe USDT tu, mi shilingi zinaniishia mkononi. Nikaona sawa, nikamrushia 240 kutoka waleti yangu ya kila siku, yaani pochi ya kripto kwenye simu, dakika moja imefika, tukapeana mikono. Geti tulikuwa tushaongea laki tisa. Wiki iliyofuata kaja na bei mpya, milioni moja na laki sita. Nikamwambia chuma kimepanda lini? Akatabasamu, akatoa simu, kafungua Tronscan, tovuti ya kusomea daftari la Tron, akabandika adresi yangu, yaani namba ya waleti, ile ndefu inayoanza na T, akaniambia "kaka humu si una elfu tatu na mia nane, tena kila mwezi tarehe tatu unaingiziwa." Dola hizo. Na sio zangu zote, ilikuwa hela ya watu wanne sijaigawa bado, lakini utamweleza nini fundi ambaye kashaiona kwa macho? Kila nilichosema kikawa ni uongo wa tajiri. Geti nikapeleka kwa mtu mwingine.

Kijana hajavunja sheria yoyote jamani. Hajadukua kitu. Nilimpa namba ya daftari mwenyewe, na ukishaijua namba moja unafunua kurasa zote za nyuma, na za mbele pia mpaka huyo mtu ahame.

Sasa mtasema si unafungua tu waleti mpya. Sawa, na hapa ndio wengi wananaswa. Adresi mpya ya Tron ukiiwekea USDT huwezi kuitoa bila kuwa na TRX, sarafu ya Tron yenyewe, kidogo ya makato, basi mtu anafanya nini, anarusha TRX kutoka waleti ya zamani. Umeshazifunga kamba mbili pamoja! Anayeangalia anaona kabisa mtoto amezaliwa na mama gani. Hiyo TRX itoe kwenye eksichenji, kampuni ya kununulia na kuuzia kripto, ije peke yake. Na ukitaka kumlipa mtu asiyehusika na maisha yako, kama fundi, mtumie moja kwa moja kutoka eksichenji, akifunua daftari ataona adresi ya eksichenji yenye hela za watu kibao, yako haijui. Makato yanaweza kuwa makubwa kidogo na eksichenji wenyewe wanajua kila kitu, hilo lijue. Mi nimeona heri wajue wao kuliko ajue fundi, wewe chagua lako.

Bitikoini ina tabia nyingine. Hii inafanya kazi kama noti. Unaenda kununua zabibu za elfu tatu barabarani pale, una noti ya elfu kumi, unaitoa nzima na chenji elfu saba inarudi, ila kwenye bitikoini chenji mara nyingi inarudi kwenye adresi mpya ambayo nayo ni yako. Wanaofuatilia wanajua hilo, wanatafuta chenji iko wapi. Na ukiwa na noti mbili ndogo ukaziunganisha kulipia kitu kimoja, umetangaza kwamba mifuko yote miwili ni ya mtu mmoja. Satoshi Nakamoto, aliyebuni bitikoini, mwenyewe kaliandika hili kwenye ile karatasi yake ya 2008, kashauri utumie ufunguo mpya, yaani adresi mpya, kila muamala na kakiri hapo hapo kwamba ukiunganisha hivyo huwezi kuficha. Waleti nyingi za bitikoini zinakupa adresi mpya kila ukitaka kupokea, bure, watu hawazitumii, wameng'ang'ania ile waliyoibandika kwenye grupu la michango.

Na usidhani muda unafuta. Kuna jamaa Marekani, James Zhong, aliiba bitikoini kwenye Silk Road, soko haramu la mtandaoni, 2012, akakaa nazo. Novemba 2021 maafisa wa serikali wakaingia kwake wakakuta zaidi ya elfu hamsini, nyingine ziko kwenye kifaa ndani ya kopo la bisi, chini ya mablanketi, kabati la bafuni. Miaka tisa! Mwizi kukamatwa mi nafurahi, ila daftari hilo hilo linakusoma na wewe ambaye hujaiba.

Kuna upande wa nje ya daftari. Mwaka 2020 Ledger, wale wauza vifaa vya kuhifadhia kripto, orodha ya wateja wao ilivuja, majina, simu na mahali wanapokaa watu zaidi ya laki mbili na sabini elfu. Vifaa havikudukuliwa, ilikuwa orodha ya wanunuzi tu, na watu wakaanza kupokea meseji za vitisho. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, imeanza kutumika Mei 1, 2023, inambana anayeshika taarifa zako, nzuri sana, lakini haiwezi kuchana ukurasa wa blokucheni. Kwenye P2P, kuuziana kripto mtu na mtu, nako muuzaji anaona jina lako kamili na namba ya simu, kwahiyo chagua unayeuziana naye, na zile skrinishoti za faida unazoweka status, aisee, tuache.

Kuna Monero, kripto nyingine, yenyewe inaficha mtumaji, mpokeaji na kiasi, ipo tangu 2014, ila Binance, eksichenji kubwa, waliiondoa Februari 2024, kwahiyo kuingia na kutoka ni kazi. Vichanganyio kama Tornado Cash, vinavyochanganya hela za watu ili isijulikane ipi ni ya nani, mi siwashauri, Marekani waliiwekea vikwazo Agosti 2022, wakaviondoa Machi 2025, na katikati hapo mtu ukipokea hela iliyopitia mle unaweza kufungiwa akaunti hujui hata kosa. USDT nayo Tether, kampuni inayoitoa, wanaweza kuigandisha ikiwa kwenye waleti yako mwenyewe.

Ndio dada, uliza. Anauliza kama hii si ndio kukwepa kodi. Hapana. Benki Kuu ilishatoa tahadhari kuhusu kripto tangu Novemba 2019 na Sheria ya Fedha ya 2024 imeleta kodi ya zuio ya 3% kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali, hiyo unalipa na kumbukumbu zako unatunza. TRA kuona mahesabu yako ni sawa. Fundi wa geti kuyaona ndio nakataa.

Na adresi ambayo ishajulikana? Iache kama mlango wa mbele, pokelea vidogo vidogo. Akiba ihamishie eksichenji kwanza, afu itoe kwenda adresi mpya siku nyingine kwa kiasi tofauti, sio ile ile mia tano imeingia saa nne imetoka saa nne na robo.

Mzee wangu pale nyuma? Hapana hapana, usininyooshee simu, izime kwanza hiyo skrini, watu kumi wako mgongoni kwako. Njoo tuongee nje.